Kujichapishia hadisi za upelelezi: kwa nini kitabu kinakwama njiani

Mu Goma, Bukavu, Bunia, Butembo ao Uvira, si vigumu kukuta mutu mwenye ana daftari tatu ao ine zenye zimejaa hadisi ya upelelezi, ya mapendo ao ya uchawi. Aliandika usiku, nyuma ya kazi. Marafiki walisoma na kusema: « Iko muzuri sana, chapisha! » Hapo njo magumu yanaanza.

Makala hii inaeleza magumu hayo moja moja, kwa mutu mwenye anaandika bila kampuni nyuma yake. Mara nyingi hadisi haikosi wasomaji. Inakufia njiani, kati ya mwandishi na musomaji, na mwandishi wa kujitegemea njo mwenye analipa ile njia yote kwa mufuko wake.

Hadisi hizi ni za namna gani?

Tunazungumzia hadisi zenye musomaji anajua tangu ukurasa wa kwanza furaha gani anatafuta. Mu upelelezi anataka kujua nani aliua. Mu mapendo anataka kujua kama wale wawili watapatana. Mu hadisi za woga anataka kutetemeka kidogo, kisha kulala. Watu wanazipenda, lakini mu mashule hazihesabiwe sana kuwa fasihi ya kweli. Jambo hilo lina matokeo yake: nyumba nyingi za kuchapisha mu Afrika zinaishi kwa vitabu vya shule, na hadisi ya mupelelezi mara nyingi haiingie mu programu ya shule. Kwa hiyo mwandishi anabaki na njia moja: kujichapishia.

Wale wenye walitangulia

Mu Kiswahili hadisi hizi hazikuanza jana. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa « Mzimu wa Watu wa Kale », na mupelelezi wake Bwana Msa. Faraji Katalambulla alifuata na « Simu ya Kifo » mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba alitoa « Kufa na Kupona » na kumuleta mujasusi Willy Gamba, mwenye mu « Kikosi cha Kisasi » anafika mpaka Kinshasa. Ben Mtobwa, muzaliwa wa Kigoma mwaka 1958, ni kusema ngambo ya ziwa kwa mutu wa Kalemie, alimuleta Joram Kiango. Mtobwa hakungoja kampuni za wengine tu: alianzisha yake, Heko Publishers, mu Dar es Salaam.

Nyuma yao Eric Shigongo alitumia njia ingine. Aliandika hadisi vipande vipande mu magazeti ya kampuni yake, Global Publishers. Gazeti lilikuwa tayari na wauzaji mu kila pembe ya muji. Hadisi ilipanda tu mu gari yenye ilikuwa inaondoka.

Kwetu Congo, Zamenga Batukezanga (1933–2000) aliandika kwa Kifaransa chepesi, juu ya maisha na imani za watu wa kawaida. Vitabu vyake vingi vilitoka kwa Saint-Paul, nyumba ya kuchapisha ya Kanisa Katolika yenye ilikuwa na maduka yake ya vitabu. Naye Papa Mfumu'Eto wa Kinshasa, kuanzia mwaka 1990, alichora na kuandika kwa Lingala vitabu vidogo vya picha na maneno, juu ya nguma mwenye anameza mwanamuke na mambo ya uchawi ya muji. Alivitoa yeye mwenyewe, kwa karatasi ya bei chini, na wauzaji wa barabarani waliviuza. Mwaka 2015 kazi yake ilionyeshwa mu Paris, kwa Fondation Cartier.

Ukiangalia vizuri, hakuna hata mumoja wao mwenye alifaulu kwa kalamu peke yake. Kila mumoja alipata njia ya kufikisha maandishi: gazeti, duka la wamisionari, ao muuzaji wa soko. Njia ilikuwa nusu ya kazi.

Hesabu yenye wengi hawafanye

Tuchukue mufano. Bei zinabadilika toka muji mumoja mpaka mwingine, lakini namna ya kuhesabu haibadilike.

Tuseme kitabu cha kurasa 200. Unachapisha nakala 200, na kila moja inakugarimu dola 4. Umetoa dola 800 mbele ya kuuza hata kimoja. Unaweka bei ya dola 7. Muuzaji anachukua asilimia 30, ni kusema dola 2 na senti 10. Kwako kunabaki dola 4 na senti 90. Ili urudishe zile 800, unapaswa kuuza nakala 164. Faida inaanza hapo tu.

Sasa ongeza mambo ya kweli ya maisha. Nakala 20 unawapa jamaa, mwalimu wako wa zamani, na waandishi wa habari; zingine mvua inazinyeshea. Kunabaki 180. Ukiuza zote, unapata dola 882: faida yako ni dola 82, kwa kazi ya mwaka muzima ao miaka miwili. Ukiuza 150 tu, unaingiza dola 735, na umepoteza dola 65. Kama zile 800 zilikuwa za kukopa mu likelemba ao kwa shemeji, basi kitabu kimekuwa deni la nyumba.

Hapo njo wengi wanaachia. Si kwamba hawajue kuandika: pesa ya kitabu cha pili ililala mu kartoni za kitabu cha kwanza, chini ya kitanda.

Barabara, mupaka na muuzaji

Watu wengi wa mashariki wanatafuta kuchapisha Kampala, Kigali ao Nairobi, juu bei inaweza kuwa nafuu na mashini ni nyingi. Lakini kartoni inapaswa kuvuka mupaka, kulipa duane, kulipa usafiri. Toka Goma mpaka Bukavu vitabu vinapita mu ziwa. Kuvipeleka Kindu ao Kisangani ni hesabu ingine kabisa, na mara nyingi bei ya safari inapita bei ya kitabu. Vita navyo vinafunga barabara bila kuuliza mutu. Mwaka 2025, wakati benki zilifunga milango mu Goma na Bukavu, hata kutuma malipo kwa muchapishaji kulikuwa kazi, na watu walibaki kutegemea pesa ya simu na mukono kwa mukono.

Kuko pia jambo la kuacha vitabu dukani. Muuzaji anapokea nakala 20 bila kulipa. Atalipa nyuma ya kuuza. Miezi sita inapita. Unauliza, anajibu: « Rudia juma ijayo. » Bila karatasi yenye imesainiwa, hauna cha kuonyesha. Karatasi moja inatosha: tarehe, hesabu ya nakala, bei, sehemu ya muuzaji, na siku ya kuhesabu pamoja.

Kiswahili gani? Ao Kifaransa?

Hili ni swali lenye mwandishi wa Dar es Salaam hana. Sisi tunaongea Kiswahili kila siku, lakini shuleni tulisoma zaidi kwa Kifaransa. Kuko watu wenye wanasikia kila neno la Kiswahili kwa redio, lakini ukiwapa ukurasa wa Kiswahili wanasoma polepole na kuchoka. Ukiandika Kifaransa, unapata wanafunzi na wafanyakazi wa ofisi, lakini unapoteza mama wa soko na motari. Ukiandika Kiswahili sanifu, watu watasema: « Hiki ni cha Tanzania. » Ukiandika sawa vile tunaongea, wengine watasema haujui kuandika.

Hakuna jibu moja kwa wote. Njia yenye wengi wanajaribu ni kusimulia kwa Kiswahili chepesi chenye kinasomeka mahali pote, kisha kuacha watu wa hadisi waongee sawa vile wanaongea kweli kwao. Polisi wa Bukavu asiongee sawa mutu wa Zanzibar.

Kazi ya jicho la pili

Hadisi ya upelelezi ni sawa hesabu. Kama muuaji alikuwa Sake saa nane, hawezi kuwa Masisi saa nane na nusu. Kama dawa ya sumu ilikuwa mu chupa nyekundu kwa ukurasa wa 12, isiwe ya kijani kwa ukurasa wa 90. Kampuni inalipa muhariri wa kushika makosa hayo. Mwandishi wa kujitegemea hana, na kosa moja lenye musomaji anagundua linavunja hadisi yote.

Njia ya bei chini ni kutafuta wasomaji watatu wenye hawakuogopi: mumoja mwenye anapenda hadisi hizi, mumoja mwenye anajua lugha, na mumoja mwenye anajua kazi yenye unaandikia. Kama mu hadisi kuko uchunguzi wa mauaji, uliza mutu mwenye anajua kazi ya ofisa wa polisi ya sheria na ya parke. Wasomaji wetu wanajua namna mambo yanaenda kwetu; wakikuta mupelelezi wa sinema ya Marekani mu avenue yao, watacheka pahali walipaswa kuogopa.

Majina ya watu wa kweli

Mu mashariki, hadisi ya bunduki haiko mbali na maisha. Ukiandika kwamba komanda fulani wa kartie fulani aliuza silaha, mutu anaweza kujiona ndani. Kifungu cha 74 cha kitabu cha sheria za azabu cha Congo kinaazibu mutu mwenye anashitaki mwingine mbele ya watu kwa jambo lenye linaharibu heshima yake. Kampuni ingekuwa na avoka. Wewe uko peke yako, na jamaa yako iko karibu. Badilisha cheo, kartie, mwaka na umbo la mutu. Kuweka neno « hadisi » kwa jalada hakutoshe.

PDF yenye inatembea peke yake

Mwandishi anatuma hadisi kwa WhatsApp kwa mutu mumoja mwenye alilipa. Jioni iko mu groupe kumi. Sheria iko: ordonnance-loi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za mwandishi, na shirika la SOCODA, lenye lilianzishwa mwaka 2011, linashugulika na haki hizo. Congo iko pia mu Mapatano ya Berne, yenye inasema haki inaanza kisha tu kazi kuandikwa, bila kujiandikisha kwanza. Lakini kufuata mutu mwenye alisambaza faili ya dola 2 kunagarimu kupita dola 2. Kwa hiyo kinga nzuri inaanza kwa kazi yenyewe: usitume hadisi nzima, tuma kipande kimoja kimoja, na weka jina lako na namba ya kulipia mu kila ukurasa. Kipande chenye kiliibwa kinaweza hata kukuletea musomaji, juu atataka kujua yenye inafuata.

Njia zenye zinapunguza hasara

Ya kwanza ni kuanza kidogo. Karatasi moja ya A4 ikichapwa mbele na nyuma na kukunjwa inatoa kurasa ine. Karatasi nane zinatoa kijitabu cha kurasa 32. Tuseme kijitabu kinagarimu senti 60, unakiuza dola moja, na muuzaji anachukua senti 20. Kwa nakala 100 umetoa dola 60; ukiuza 75 umezirudisha. Faida ni kidogo, lakini kama mambo yanaharibika unapoteza 60, si 800. Na kijitabu cha pili kinatoka tu kama cha kwanza kiliuzwa.

Ya pili ni kulipisha mbele. Watu 50 wakilipa kwa simu mbele ya kuchapisha, utajua kama wasomaji wako kweli. Andika majina, toa tarehe, na uishike, juu ukikosa mara moja hawatarudia.

Ya tatu ni kuungana. Mu Tanzania kuko UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira. Hata bila shirika kubwa, waandishi watano wa muji mumoja wanaweza kugawana usafiri wa kartoni moja, kusomana makosa, na kuwa na meza moja sokoni.

Ya ine ni sauti. Hadisi yenye inasomwa vizuri kwa dakika kumi, na inakatwa pale mulango unagongwa usiku, inafikia hata yule mwenye hasome. Lakini patana kwa maandishi mbele: nani ana haki ya kuirudilia, na mara ngapi.

Mwenye ana daftari tatu nyumbani asikimbilie muchapishaji kesho asubui. Achukue kwanza karatasi, aandike majina ya watu 50 wenye anazania watanunua, na pembeni ya kila jina aandike kitabu kitamufikia kwa njia gani. Kama pembeni ya majina mengi hakuna kitu cha kuandika, ile njo kazi yenye inabaki mbele ya kutoa dola 800.