Deki, kicheza media au king'amuzi: jina la mashine ya sinema ya sebuleni

Kifaa kinachosoma filamu kutoka kwenye flashi au diski, kikapeleka picha kwenye runinga na sauti kwenye sabufa, hakina jina moja la Kiswahili. Waingereza hukiita "media player", na baadhi ya wafasiri wetu wamelichukua jina hilo wakaligeuza neno kwa neno: kicheza media. Dukani, iwe Lushoto mjini au Kariakoo, ni wachache watakaolitamka. Mteja ataulizia deki, au boksi la Android, au king'amuzi cha flashi, na muuzaji itabidi amdadisi mpaka ajue anataka nini hasa. Hoja ya makala hii ni kwamba deki ndilo jina linalostahili kusanifiwa. Kicheza media lina kasoro kubwa kuliko kutopendeza sikioni: linaficha kazi ya mashine, na kazi hiyo iliyofichwa ndiyo anayopaswa kuikagua mtu anayepanga sinema ya nyumbani kabla hajatoa hela yake.

Tuanze na muundo wa neno. Kiswahili kina kiolezo imara cha kuitia mashine: kinasasauti, kipazasauti, kipimajoto, kizimamoto. Kiambishi ki- hutangulia, kitenzi hufuata, kisha kitu kinachotendwa, na msikilizaji anaelewa mara moja kwa sababu mashine inakitenda kitenzi hicho kweli. Kinasasauti hunasa sauti. Kipimajoto hupima joto. Kicheza media kinagoma kukaa kwenye kiolezo hicho. Anayecheza kwa Kiswahili ni mtoto, ni mshambuliaji uwanjani, ni bibi harusi ukumbini. Hata mwigizaji tunasema kacheza filamu, maana yake kaonekana ndani yake. Mashine hupiga muziki: tulipiga santuri, tukapiga kaseti, na redio mpaka leo inapiga nyimbo. Picha nayo mashine huionyesha. Kiingereza kina kitenzi kimoja kinachobeba kazi ya sauti na ya picha pamoja. Sisi tunavyo viwili. Mfasiri aliyekimbilia "cheza" alichukua maana ya kwanza aliyoikuta kwenye kamusi bila kuuliza kama mashine inaitenda. Kichezeshi haliponyi kitu, kwa sababu anayechezesha tunayemjua ni refa. Na neno media lenyewe, kwa msomaji wa magazeti wa Tanzania, ni vyombo vya habari, si kanda wala faili.

Kwamba picha na sauti ni kazi mbili ni jambo linalovuka sarufi, na milima ya Usambara ina ushahidi wake. Mwaka 1935 mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment uliweka makao yake Vugiri, kwenye miinuko ya Usambara upande wa Korogwe. Sehemu kubwa ya fedha ilitoka shirika la Carnegie la New York. Meja L. A. Notcutt alisimamia utengenezaji wa filamu, G. C. Latham akasimamia upande wa elimu, na hadi mradi ulipokoma mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35 kuhusu afya, kilimo, kodi, akiba ya posta na mengineyo. Kusudi lake lilikuwa la kikoloni na liliwatazama Waafrika kama watu wa kufundwa, hilo halifichiki. Lakini namna mitambo yake ilivyofanya kazi inatufaa hapa. Picha ilikaa kwenye ukanda wa milimita 16, sauti ikakaa kwenye santuri, kwa kuwa njia hiyo ilikuwa rahisi kwa gharama na kwa kuwa watazamaji waliokusudiwa, kutoka Tanganyika na Kenya hadi Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, hawakuwa na lugha moja. Ukanda uleule uliweza kuandamana na santuri ya lugha nyingine. Aliyesimama nyuma ya mitambo alikuwa na kazi ya kuvioanisha hivyo viwili, midomo isitangulie maneno wala maneno yasitangulie midomo. Miongo kadhaa baadaye, msimulizi Lufufu alipokuwa akizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwenye kanda za VHS, swali lilikuwa lilelile: sauti ipi iandamane na picha hii?

Leo kazi hiyo inafanywa na kisanduku kinachoenea kiganjani. Faili ya filamu ni kontena, na neno hili tunalo tayari, halihitaji kutungwa. MP4 ni kontena, MKV ni kontena. Jina la kontena halikuambii mzigo ulioko ndani. Ndani mna picha iliyobanwa kwa kanuni moja, sauti iliyobanwa kwa kanuni nyingine, pengine sauti za lugha mbili tatu, na manukuu. Kanuni ya kubana na kubanua huitwa kodeki. Filamu nyingi zimebanwa kwa H.264, iliyotoka mwaka 2003. Nyingi za siku hizi ni H.265 ya mwaka 2013, ambayo hutoa picha ya ubora uleule kwa takribani nusu ya ukubwa wa faili, na ndiyo maana wenye kujaza flashi wanaipenda. Mashine isiyo na H.265 itakuonyesha jina la faili, pengine hata urefu wake kwa dakika, kisha kioo kitabaki cheusi. Kwenye sauti mambo yanasumbua zaidi. Picha inatembea vizuri, midomo ya waigizaji inafunguka na kufumba, sabufa kimya. Mwenye nyumba anachomoa waya na kuchomeka upya, anampigia fundi, anaanza kuishuku sabufa. Sabufa haina kosa. Sauti ya faili hiyo imebanwa kwa DTS, kodeki ambayo kampuni huilipia kibali, na Samsung, kwa mfano, iliacha kuiweka kwenye runinga zake kuanzia matoleo ya mwaka 2018. Sabufa ya kawaida, ile inayopokea sauti kwa waya mwekundu na mweupe, haijui kubanua chochote. Inakuza tu sauti iliyokwisha kubanuliwa. Kwa hiyo kubanua lazima kufanyike kabla, ndani ya runinga au ndani ya kisanduku. Maandishi makubwa ya 4K kwenye boksi hayajibu swali hili, kwa kuwa yanataja ukubwa wa picha inayotoka na kunyamazia sauti zinazoeleweka.

Ukiitazama kazi ya mashine hivyo, neno la Kiswahili lililo karibu nayo kuliko yote ni king'amuzi. Limetokana na kung'amua, yaani kutambua jambo lililofichika, na mashine inakitenda kitenzi hicho kweli. Lilienea kwa sababu lilikuja pamoja na kitu chenyewe: mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na mikoa mingine ikafuata kwa awamu, kila mwenye runinga alilazimika kukinunua kifaa hicho na kukiita jina. Ni mfano adimu wa istilahi ya Kiswahili iliyofika sokoni nzima nzima. Linganisha na istilahi za kompyuta zilizotengenezwa kwa bidii kubwa, zikiwemo za mradi wa Kilinux uliofanywa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutoa Jambo OpenOffice mwaka 2004; nyingi ni nzuri, lakini ni chache zilizotoka kwenye kioo zikaingia kinywani. Hata hivyo king'amuzi tayari lina mwenyewe. Kwa Mtanzania, king'amuzi kina kadi, kina dishi au antena, na kina kifurushi cha mwezi. Kuipa mashine ya kusomea flashi jina hilo ni kumchanganya mnunuzi kwa makusudi. Mahali pake panapofaa ni ndani ya mashine: tuseme deki hii ina king'amuzi cha H.265, ile haina king'amuzi cha DTS. Hapo neno linafanya kazi linayoiweza.

Basi tumebaki na deki, na ubora wake uko kwenye historia yake. Tulikuwa na deki ya kaseti, ikaja deki ya video ya VHS, ikaja deki ya CD, ikaja deki ya DVD. Mara zote kilichobadilika ni kile kinachofuata "ya". Deki lilibaki palepale, kwa kuwa halitaji kanda wala diski, linataja mashine inayopokea chochote kilichobeba picha au sauti na kukitoa kikiwa kinatazamika na kusikika. Hiyo hasa ndiyo dhana inayotafutwa. Deki ya flashi, deki ya mtandao, deki ya diski kuu: hakuna hata moja inayohitaji kufafanuliwa kwa fundi wa Soni au wa Mlalo, huko Lushoto.

Wapo watakaosema deki ni neno la mkopo, na istilahi sanifu ni ile iliyozaliwa na mizizi yetu. Hoja hii ina uzito pale mkopo unapolifukuza neno tulilonalo. Hapa haufukuzi chochote. Na katika wilaya ya Lushoto, ambayo Wajerumani waliuita mji wake mkuu Wilhelmstal, watoto huenda shule na wazazi hutafuta hela, maneno mawili yaliyotoka Kijerumani, wala hakuna anayeyahesabu ya kigeni. Neno huwa letu kwa kutumika. Pingamizi la pili ni kwamba deki tayari ni kusafisha sakafu. Ni kweli, na asili ni moja: sitaha ya meli inayosuguliwa kwa maji, na bapa la mashine linalopakiwa kanda, yote Kiingereza huita kwa neno hilo. Lakini anayepiga deki ana ndoo mkononi na anayewasha deki ana rimoti, na kwa miaka yote ya kaseti na VHS hakuna nyumba iliyokosa kuelewana kwa sababu hiyo.

Pingamizi la tatu ndilo zito kweli: vitufe vya simu na programu za Kiswahili vimeshaandikwa "Cheza", na vijana wanasema "cheza video" bila kusita. Hili sina sababu ya kulipinga. Kitenzi kimepanuka, kama vitenzi vinavyopanuka, na kitufe kibaki kilivyo. Ila anayebonyeza ni mtu, na ni mtu anayeambiwa acheze. Kwa hiyo kukubali kitufe hakutulazimishi kuiita mashine mchezaji. Kwa programu kama VLC, ambayo mizizi yake iko kwenye mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris mwaka 1996 na ambayo inafungua karibu kila kontena, programu ya video inatosha. Tukihitaji kuwa wakali zaidi, tuseme deki ya programu. Kuna pia wanaodai mjadala umepitwa na wakati kwa kuwa runinga za kisasa zina deki ndani yake. Zinayo, na ndiyo inayochakaa mapema. Kioo kinaweza kudumu miaka kumi huku kodeki mpya zikitoka bila kukisubiri. Deki ya pembeni hubadilishwa kwa sehemu ndogo ya bei ya runinga.

Kwa milima ya Usambara kuna sababu za ziada za kuijali mashine hii. Mgongo wa mlima huzuia mawimbi ya simu, na filamu ya mtandaoni hula bando haraka, kwa hiyo faili iliyokwisha pakuliwa ndiyo sinema ya uhakika kwa nyumba nyingi za mabondeni. Deki za kisanduku aghalabu huendeshwa kwa volti 5 au 12 kupitia adapta, jambo linalozifaa nyumba za sola kuliko mitambo mikubwa, mradi fundi aweke kifaa cha kudhibiti volti. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 haipokei faili inayofikia GB 4, na filamu ya ubora wa juu huvuka hapo kwa urahisi, hivyo deki inayosoma exFAT au NTFS ina faida ya wazi. Na iwe na njia ya kubadilisha lugha ya sauti kwa rimoti, ile kazi ya santuri za Vugiri, maana faili yenye sauti ya Kiswahili na ya Kiingereza haina faida kama deki inajua kuitoa ile ya kwanza tu.

Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na watunga kamusi waiandike maana hii ya deki bila kuifunga kwenye kaseti wala DVD, waweke kodeki, kontena na manukuu kando yake, na wakiachie king'amuzi kazi yake. Nawe mnunuzi, usiulize dukani kama kisanduku ni 4K. Nenda na flashi yako yenye faili tatu: moja ya H.265, moja yenye sauti ya DTS, na moja inayozidi GB 4. Mwombe muuzaji aiunganishe deki na runinga na sabufa hapohapo, na ulipe baada ya kuona picha na kusikia sauti ya faili zote tatu.