Vina kama Mwamuzi: Adabu ya Kujibizana katika Ushairi wa Kiswahili

Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) hakutunga ili asifiwe tu. Alitunga pia ili ajibiwe. Tungo zake kadhaa ni mafumbo na changamoto zilizowataka washairi wenzake wajitokeze. Hata uhasama wa Mombasa na Lamu, uliofikia kilele katika Vita vya Shela mwanzoni mwa miaka ya 1810, ulipiganwa kwa mashairi pia.

Kujibu kulikuwa na masharti. Kwa desturi, mwenye kujibu alifuata bahari ya mwenzake, na mara nyingi aliazima hata vina vyake. Sharti hilo laweza kudhaniwa kuwa ni pambo, ilhali lilifanya kazi ya mwamuzi. Asiyelisikiliza shairi hadi mwisho hawezi kulijibu kwa vina vyake. Na fumbo likishatiwa, hoja ni kulifumbua. Anayekwepa fumbo akakimbilia matusi amekwisha kukiri kwamba limemshinda. Kejeli ilikuwapo, tena kali, lakini ilibidi kwanza ipimwe kwa mizani.

Januari 1923, Idara ya Elimu ya Tanganyika ilipoanzisha gazeti la Mambo Leo mjini Dar es Salaam, majibizano yalipata uwanja mpya. Washairi wasiojuana kwa sura waliweza sasa kujibizana kutoka miji ya mbali. Lakini pamoja na vina, akaongezeka mwamuzi wa pili: mhariri. Huyu alitumikia serikali ya kikoloni, na gazeti la serikali halikuwa mahali pa kuhoji uhalali wa serikali. Mkono uliochunga mada ndio uliofunga baadhi ya milango.

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Yaliyokuwa mazoea ya barazani sasa yaliitwa sheria, na sheria huzaa wenye kuihoji. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, alileta tungo zisizofungwa na vina wala mizani. Hapo desturi ya kale ilifika ukingoni: shairi la kujibu kwa vina halikuwa na njia ya kuuliza kwa nini vina viwepo. Mwamuzi mwenyewe ndiye aliyekuwa mshtakiwa.

Mjadala ukahamia kwenye nathari, na mara nyingi ukakwama katika swali moja: je, haya ni mashairi? Swali hilo lilidai hukumu, si uchunguzi. Uhai ulirudi pale swali lilipogeuka kuwa la historia: vina vilitoka wapi, na ushairi ulikuwaje kabla yake? M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, walishikilia kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu, kitabu kilichochapishwa New Jersey, Marekani, mwaka 1988, aliitetea jadi kwa kuirudia historia yake.

Pande hizo mbili hazikupatana. Hata hivyo, kila upande ulilazimika kusoma tungo za kale kwa makini kuliko ulivyozisoma kabla ya kupingwa. Hilo ndilo sharti la vina likifanya kazi yake ya zamani bila vina: ajibuye hana budi kuanza kwa kumsikiliza aliyesema.