Maotea ya Pamba: Habari Fupi za Zao Letu katika Shinyanga na Geita



Halmashauri ya Chama Kikuu imenitaka niandike habari za zao la pamba katika nchi yetu ya Shinyanga na Geita, ili ziwemo katika kijitabu hiki cha kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama. Najua wengi watataraji habari za bei na mizani, kwa kuwa hizo ndizo zinazopandisha sauti mikutanoni. Hizo nitazigusa. Lakini nimeona heri nishike jambo moja ambalo wazee wetu walipambana nalo tangu enzi za Mwingereza, na ambalo hata leo halijatulia, nalo ni kung'oa na kuchoma masalia ya pamba.

Yatupasa kwanza kuujua mmea wenyewe. Mpamba, kwa asili yake, si mmea wa mwaka mmoja kama mtama au mahindi. Ni mti mdogo wa kudumu miaka. Baada ya mavuno hupukutisha majani, na mtu akiutazama katika mwezi wa Agosti atadhani umekufa. Lakini mzizi umekwenda chini sana, na kiangazi cha Shinyanga, kikaushacho malisho yote ya ng'ombe, hakiuui. Mvua za kwanza za Oktoba au Novemba zinyeshapo, shina lile kuukuu huchipua na kutoa maua hali jirani bado anapanda mbegu. Ua la mpamba hufunguka asubuhi likiwa na weupe wa maziwa, kesho yake huwa na rangi ya waridi, kisha hunyauka na kuanguka, likaacha kitumba. Kwa hakika ni ua zuri, na mpita njia asiye mkulima aweza kumsifu mwenye shamba lile kwa kuwatangulia wenzake.

Kumbe yale ndiyo maotea, na ndiyo ghala ya wadudu. Funza wa vitumba, na wale wadudu wekundu wanaofyonza mbegu na kutia madoa katika pamba, hutafuta chakula wakati wote wa kiangazi. Mashamba yote yakiwa matupu kwa miezi miwili au mitatu, wengi hufa kwa njaa. Shamba moja likibaki na mashina mabichi, hapo ndipo wanapopumzika, na mipamba michanga ya majirani ikianza kutoa vitumba, huhamia huko wakiwa jeshi kubwa. Mwenye maotea hapati faida ya kutosha, maana mavuno ya mwaka wa pili ni haba na nyuzi zake ni dhaifu. Lakini hasara yake huwafikia watu ambao hakuwahi hata kuwaomba ruhusa.

Zamani jambo hili halikuwa na uzito. Kabla ya wakoloni, wafumaji wa Unyamwezi na Ufipa walifuma nguo kwa pamba ya miti iliyodumu. Miti ilikuwa michache, na tena ilitawanyika. Mambo yalibadilika pamba ilipotakiwa kwa wingi ili kulisha viwanda vya Ulaya. Wajerumani walianza kwa nguvu, na sote twajua kwamba mashamba ya pamba ya kulazimishwa huko kusini yalikuwa miongoni mwa sababu za Vita vya Maji Maji mwaka wa 1905. Huku kwetu pamba ilienea zaidi wakati wa Mwingereza, hasa baada ya kituo cha utafiti cha Ukiriguru, karibu na Mwanza, kushika kazi ya mbegu katika miaka ya 1930. Adui mkubwa wakati ule alikuwa mdudu mdogo wa kijani anayefyonza majani hadi yakakunjamana na kuungua kingo. Dawa ilipatikana katika mbegu: aina iliyoitwa U4, iliyochaguliwa Barberton, Afrika ya Kusini, ilikuwa na majani yenye manyoya, na mdudu yule hakuyapenda. Watafiti wa Ukiriguru wakaendelea kuchagua kutoka katika jamii hiyo, na majina ya mbegu yanayoanza kwa herufi UK, hadi UK77 na UK91 tuliyoilima sisi wenyewe, yatokana na kituo hicho.

Mbegu na plau ya kukokotwa na ng'ombe vilipokutana, pamba ikaenea kama moto wa mbugani. Vijana wakalima kwa ngoma ya bugobogobo. Misitu ya Geita iliyokuwa makao ya mbung'o ikafyekwa, na Wasukuma wengi wakahamia huko wakitafuta ardhi mpya. Hapo ndipo amri ya kung'oa ilipopata makali. Wanangwa wa watemi walipita mashambani, na aliyekutwa na mashina baada ya siku iliyowekwa alitozwa faini. Haikuwa amri pekee. Kulikuwa na amri ya matuta ya kufungia maji, amri ya kupunguza ng'ombe, na nyinginezo nyingi zilizotolewa chini ya mpango wa maendeleo wa Usukuma ulioanza mwaka wa 1947, makao yake yakiwa Malya. Nyingine zilikuwa na maana, nyingine hazikuwa nayo, lakini zote zilikuja kwa sauti ile ile na kwa faini ile ile. Mkulima hakuelezwa kwa nini ang'oe, aliambiwa ang'oe.

Tena iko sababu nyingine ya ukaidi ule, ambayo wakubwa wa kilimo hawakuipa nafasi. Shinyanga miti ilikuwa imekatwa sana ili kumfukuza mbung'o. Mama wa nyumbani apikie nini? Mashina makavu ya pamba yalikuwa kuni zake za miezi mingi, na yeye aliyapanga vizuri ukutani. Kumwambia ayachome yote shambani siku moja ilikuwa kumwambia aende mbali kutafuta kuni nyingine kichwani mwake. Sijaona taarifa ya zamani ya kilimo iliyompa mama huyo hata mstari mmoja. Nafuu ilianza kuonekana baada ya mwaka wa 1986, ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliofufua ngitili, ile desturi yetu ya kufunga sehemu ya malisho ili majani na miti vipumzike. Penye ngitili nzuri, kuni hupatikana, na penye kuni ni rahisi zaidi kuwashawishi watu wachome maotea.

Narudi nyuma kidogo. Mkulima wa miaka ya 1950 alikuwa na dukuduku jingine, nalo ni mizani. Alipopeleka pamba kwa mnunuzi, hakuwa na njia ya kujua kama uzito aliotajiwa ni wa kweli. Wakulima wakaanza kuweka watu wao wa kuhakiki uzito, na kutoka katika vikundi vile vikazaliwa vyama vya ushirika. Bwana Paul Bomani, aliyezaliwa mwaka wa 1925 na ambaye baadaye alikuwa Waziri, alizunguka nchi nzima ya Ziwa akiviunganisha, na mwaka wa 1955 likaandikishwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Katika miaka michache tu shirikisho hilo lilinunua pamba yote ya wakulima wa Kanda ya Ziwa, likawa mojawapo ya vyama vikubwa vya ushirika vya Waafrika katika bara hili. Lilimiliki viwanda vya kuchambulia pamba pia, kikiwemo cha Kasamwa huko Geita.

Mwaka wa 1958 watu wa Geita walikataa baraza la wilaya la mataifa mchanganyiko ambalo serikali ya kikoloni ilitaka kuwawekea. Walivuka ziwa wakaenda Mwanza kwa maelfu kutoa malalamiko yao. Serikali ilirudi nyuma, na amri nyingi za kilimo zikalegezwa au zikafutwa. Ulikuwa ushindi wa haki. Lakini katika shangwe ile watu waliziweka amri zote katika kapu moja, na kwa wengi kuacha mashina shambani kukawa alama ya uhuru. Nionavyo mimi, hapo ushirika ulipata nafasi ambayo haukuitumia ipasavyo: kuichukua kazi ya kung'oa kutoka mikononi mwa mwanangwa na kuifanya ya wakulima wenyewe. Shirikisho lilishughulika na kununua, kuchambua na kuuza, na kazi hizo zilikuwa nyingi. Habari za shambani liliwaachia maafisa.

Yaliyofuata wengi wenu mwayakumbuka au mmesimuliwa. Kamati maalumu ya Rais ilichunguza vyama mwaka wa 1966, na mwaka wa 1968 mahali pa shirikisho la Victoria pakashikwa na Chama cha Ushirika cha Nyanza. Vyama vikuu vyote vikavunjwa mwaka wa 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka wa 1982. Kisha mwaka wa 1994 biashara ya pamba ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Wengi husema juu ya bei pekee wanapoutaja mwaka huo. Mimi nataja mbegu. Kabla ya hapo, mbegu mpya ilitoka Ukiriguru ikaenezwa eneo kwa eneo, na kila kiwanda kilichambua pamba ya eneo lake, hivyo mbegu iliyorudi kwa mkulima ilikuwa ya aina moja. Wanunuzi walipoanza kushindana, magari yalibeba pamba kutoka kila upande, na UK77 na UK91 zikachanganyika katika ghala moja. Vivyo hivyo amri ya kung'oa ikakosa mwenyewe. Mnunuzi wa msimu mmoja haimhusu kama shamba lina maotea mwezi wa Oktoba. Pamba iliendelea kupanda na kushuka: msimu wa 2005/06 nchi ilipata tani zipatazo 376,000 za pamba mbegu, na msimu uliofuata zikawa kama 130,000 tu. Ukame na bei vilikuwa na sehemu yao, bila shaka, lakini mkulima aliyepulizia dawa mara nyingi na bado akavuna vitumba vilivyotobolewa anajua kwamba mvua siyo yote.

Liko pia jambo la dhahabu. Mgodi wa Geita uliofungwa mwaka wa 1966 ulianza tena uzalishaji mwaka wa 2000, na mashimo ya wachimbaji wadogo yako kila upande wa ukanda ule. Kijana akisikia kwamba dhahabu imeonekana mahali, huacha hata pamba iliyokwisha fumbuka. Hatumlaumu. Mwaka wa 2019 bei elekezi ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, bei ya dunia ikaanguka, na wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri fedha zao. Shimoni angalau mtu hulipwa siku hiyo hiyo. Lakini shamba lake hubaki limesimama, na hakuna wa kuling'oa.

Tangu msimu wa 2018 pamba hununuliwa kupitia vyama vya msingi, na kwa sababu hiyo daftari la kila mkulima na ekari zake limo tena mikononi mwetu. Twajua shamba lipi ni la nani. Katika baadhi ya vyama vya msingi, kamati zimekubaliana kwamba shamba la mwenzao aliyekwenda machimboni ling'olewe na kundi la jirani, na ujira wao ukatwe katika malipo yake ya pamba. Wengine wamepinga, wakisema huo ni mlango wa kumkata mtu fedha bila yeye kuwepo. Hoja hiyo ni nzito, wala haikumalizwa katika mkutano mkuu uliopita. Mimi naunga mkono makubaliano hayo, mradi mkulima atie sahihi mwenyewe wakati wa kupewa mbegu, na kina mama wa nyumba ile waruhusiwe kuchagua mashina makavu ya kuni na kuyatoa shambani kabla moto haujawashwa.

Siku ya mwisho kisheria ni tarehe 15 Septemba, na kupanda ni kuanzia tarehe 15 Novemba hadi tarehe 15 Desemba. Makatibu wa vyama vya msingi wataanza kupita mashambani juma la kwanza la Agosti wakiwa na madaftari, na hoja ya ujira wa kung'oa italetwa tena mbele ya wajumbe kabla ya mbegu za msimu mpya kugawiwa.