Jinsi ya kumsaidia mtoto anayelemewa na upweke kambini

Shule zinapofungwa mwezi wa Aprili na Agosti, watoto wengi nchini huwaaga wazazi wao na kwenda kupiga kambi. Wapo wanaokwenda na vikundi vya dini, na wapo maskauti wanaokusanyika katika viwanja kama vile Rowallan jijini Nairobi. Mchana huwa ni nyimbo, michezo na vicheko. Giza linapoingia, hata hivyo, baadhi yao hujifunika gubigubi na kulia kimyakimya wakimkumbuka mama, baba na kitanda walichokizoea.

Hali hii si dalili ya udekaji, wala si jambo geni. Mnamo 1688, Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari nchini Uswisi, aliandika tasnifu kuhusu watu walionyong'onyea kwa kutamani kwao. Yeye aliihesabu hali hiyo kuwa maradhi. Wataalamu wa leo huiona kuwa jambo la kawaida kwa mtoto yeyote aliyeachana na watu anaowapenda, na kwa wengi hupungua kadiri wanavyozoea mazingira mapya.

Mwaka wa 2007, wataalamu Christopher Thurber na Edward Walton walichapisha mwongozo kuhusu suala hili katika jarida la Pediatrics, la chama cha madaktari wa watoto nchini Marekani. Ujumbe wao mkuu ni kwamba dawa ya upweke huandaliwa nyumbani kabla ya mtoto kufunga mzigo wake.

Kosa linalofanywa na wazazi wengi wenye nia njema ni kutoa ahadi hii: "Usipopapenda, piga simu nitakuja kukuchukua." Mtoto anayeambiwa hivyo hung'amua kwamba hata mzazi ana shaka naye. Badala ya kujitahidi kuzoea, hukaa akiisubiri simu. Mzazi asipofika, mtoto huona amesalitiwa. Akifika, mtoto hukosa nafasi ya kugundua kwamba angeweza kuvumilia.

Maneno yanayofaa ni ya kweli na yenye matumaini. Mzazi aweza kusema: "Huenda ukatukumbuka, nasi tutakukumbuka. Ukihuzunika, mweleze kiongozi wako. Jumamosi mchana tutakuja kukupokea." Aidha, mzazi aepuke kulalamika kwamba hatapata usingizi mtoto akiwa mbali, kwani kufanya hivyo ni kumtwika mtoto mzigo usio wake.

Mazoezi nayo ni muhimu. Mtoto ambaye hajawahi kulala nje ya kwao aanze kwa usiku mmoja kwa shangazi au nyanya, kisha siku mbili au tatu, bila kupigiwa simu kila saa. Haba na haba hujaza kibaba. Vilevile, ashirikishwe katika uamuzi wa kwenda, aelezwe atalala wapi, choo kiko wapi na nani atamwangalia. Kalenda ndogo ya kutia alama kila siku inayopita humsaidia kuona kwamba muda una mwisho.

Katika mzigo wake, asikose kitu kinachomkumbusha nyumbani: leso ya mama, picha ya jamaa au barua ya kusoma usiku wa kwanza. Nguo nzito zisisahaulike. Mwezi wa Agosti nyanda za juu huwa na baridi kali, na mtoto kutoka Mombasa anayetetemeka usiku kucha Limuru atalemewa na huzuni upesi zaidi. Njaa na uchovu pia huizidisha.

Ikiwa mtoto hukojoa kitandani, kiongozi wa kambi aarifiwe mapema na kwa siri. Mara nyingi anayelilia nyumbani huwa anaogopa kuchekwa asubuhi.

Viongozi nao wana wajibu wao. Upweke huuma zaidi wakati wa chakula, wa mapumziko na wa kulala, hivyo huo ndio wakati wa kuwa karibu na watoto. Anayelia asikemewe wala kuitwa mtoto mchanga. Asikilizwe, kisha apewe rafiki na kazi ya kufanya, kama vile kuokota kuni au kugawa uji. Simu kutoka nyumbani yaweza kuamsha kilio kilichokuwa kimetulia. Barua fupi hufaa zaidi kwa wengi.

Hata hivyo, si kila chozi ni la upweke. Mtoto asiyekula wala kulala kwa siku kadhaa, anayejaribu kutoroka au anayezungumzia kujidhuru anahitaji mzazi wake bila kuchelewa. Anayeonyesha hofu kwa mtu fulani aulizwe faraghani iwapo ameonewa au kuguswa isivyofaa, na aaminiwe. Visa vya dhuluma vinaweza kuripotiwa bila malipo kupitia nambari 116 ya kuwasaidia watoto.

Mtoto anaporejea, mzazi asimuulize tu kama alilia. Amuulize alifanya nini huzuni ilipomjia. Jibu la swali hilo ndilo atakalolihitaji siku atakapoingia shule ya bweni.