Magoli 15 Siku Moja: Msimu Ambao Geita Gold Ilishinda 8-0 Ikashuka Daraja

Kwenye mpira kuna ushindi unaokupandisha na kuna ushindi unaokuzika. Februari 2016, Geita Gold iliichapa JKT Kanembwa 8-0. Siku hiyohiyo Polisi Tabora ikaichapa JKT Oljoro 7-0. Mechi mbili, magoli 15, walioruhusu hawakupata hata la kufutia machozi, na ilikuwa siku ya mwisho ya ligi.

Miezi miwili baadaye timu zote nne zilikuwa zimeshushwa daraja. Aliyepanda Ligi Kuu akawa Mbao FC ya Mwanza, timu ambayo jioni ile ya magoli 15 wala haikuwa kwenye maneno ya watu.

Siku hizi ukikaa na vijana wa Kanda ya Ziwa, kuanzia Songwa na Mwadui hadi Katoro na Geita mjini, wanaikumbuka Geita Gold ya George Mpole. Ile ya 8-0 wengi wameshaisahau, au wanajifanya wameisahau. Lakini huwezi kuielewa ya pili bila ya kwanza.

Jirani ana mbili, wewe huna hata moja

Kwanza tuangalie hali ilivyokuwa. Msimu wa 2015/16 Shinyanga ilikuwa inatamba kweli. Ilikuwa na timu mbili Ligi Kuu kwa mpigo: Stand United, "Chama la Wana", iliyozaliwa na watu wa stendi ya mabasi pale mjini, na Mwadui FC, timu ya mgodi wa almasi kule Kishapu, iliyokuwa imetoka kupanda. Mwanza nayo ilikuwa na Toto Africans. Yaani Simba na Yanga zilikuwa zinakuja Kanda ya Ziwa mpaka zinazoea barabara.

Geita je? Mkoa ulianzishwa 2012, bado mchanga. Lakini ndani yake kuna mgodi mkubwa wa dhahabu, ule wa GGM ulioanza uzalishaji mwaka 2000. Dhahabu ipo, watu wapo, mapenzi ya mpira yapo, timu Ligi Kuu hakuna. Mtu wa Geita akitaka kuiona Simba au Yanga ikicheza mechi ya ligi, apande gari aende Mwanza au Shinyanga. Hiyo inauma.

Viti vitatu, timu 24

Daraja la Kwanza wakati huo lilikuwa na timu 24, zimegawanywa makundi matatu, A, B na C, kila kundi timu nane. Kila timu inacheza mechi 14. Kwenye kila kundi anapanda mmoja tu. Wa pili hapati kitu, hata mechi ya mtoano hapati. Ukiwa wa pili umepoteza mwaka mzima.

Kundi C ndilo lilikuwa na Geita Gold, Polisi Tabora, Mbao, JKT Oljoro ya Arusha, JKT Kanembwa ya Kigoma na wengine. Ligi ikaenda mpaka siku ya mwisho Geita na Polisi Tabora wakiwa wamebanana kwa pointi. Maana yake ni nini? Wote wakishinda, mshindi anaamuliwa na tofauti ya magoli. Kufunga bao moja au mawili hakutoshi. Unatakiwa kufunga mengi kuliko mwenzako ambaye yuko mkoa mwingine kabisa, na yeye pia anatafuta mengi.

Hapo ndipo mpira unapogeuka soko. Timu inayofungwa haina cha kupoteza, timu inayofunga ina kila kitu cha kupata. Bao linakuwa na bei.

Matokeo yakatoka. 8-0 huku, 7-0 kule. Nchi nzima ikacheka kwanza, halafu ikanyamaza.

Nigeria walishatuonyesha

Wala haikuwa mara ya kwanza Afrika. Julai 2013 huko Nigeria, timu mbili zilikuwa zinagombea kupanda zikiwa zimelingana pointi. Moja ilikuwa Plateau United Feeders, nyingine Police Machine. Siku ya mwisho Plateau wakashinda 79-0 na Police Machine wakashinda 67-0. Ndiyo, umesoma vizuri. Plateau peke yao walifunga magoli 72 kipindi cha pili. Timu zote nne zikafungiwa miaka kumi.

Ulaya nao wana yao. Kombe la Dunia 1982 Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria walijua kabla ya mechi kwamba 1-0 ya Wajerumani inawavusha wote wawili na kuwatupa nje Algeria, iliyokuwa imeshamaliza mechi zake. Bao likafungwa mapema, kisha watu wazima wakapigiana pasi mpaka filimbi ya mwisho. Tangu hapo mechi za mwisho za kundi zinachezwa muda mmoja, ili mtu asicheze akijua hesabu za mwenzake.

Lakini saa haimzuii mtu aliyeshaongea na mpinzani wake. Timu mbili zikianza muda mmoja na kila moja ikiwa na mpinzani aliyekubali kulegea, kinachobaki ni mashindano ya nani atalegezewa zaidi.

Hukumu ya Aprili

Aprili 2016 Kamati ya Nidhamu ya TFF ikatoa uamuzi: kulikuwa na upangaji wa matokeo. Geita Gold, Polisi Tabora, JKT Kanembwa na JKT Oljoro zote zikashushwa. Kuna watu nao wakafungiwa kwa majina yao. Nafasi ya kundi C ikaenda kwa Mbao.

Majina ya waliofungiwa hayana haja ya kurudiwa, walishahukumiwa. Ila kuna kundi lingine ambalo halikuandikwa kokote. Timu ina wachezaji zaidi ya ishirini. Kuna winga aliyekimbia mechi 13 za halali. Kuna beki aliyecheza na enka imevimba, na kijana wa benchi aliyekuwa anangoja msimu ujao aonekane na Simba kwenye televisheni. Mpango wa namna hii haupigiwi kura na kikosi kizima, lakini adhabu inakula wote. Wao walilala wakijua wako mlangoni mwa Ligi Kuu, wakaamka wako chini ya pale walipoanzia.

Na mashabiki vilevile. Mama anayeuza maji uwanjani hakupanga matokeo na mtu.

Aliyengoja akala tamu

Sasa tazama Mbao. Walipanda kupitia mlango ambao wengine walijifungia wenyewe. Watu wakasema hawa hawatamaliza msimu. Msimu wao wa kwanza tu, 2016/17, waliing'oa Yanga kwenye nusu fainali ya Kombe la FA pale Kirumba kwa 1-0. Tarehe 27 Mei 2017 wakacheza fainali Dodoma na Simba, wakafungwa 2-1 tena kwenye dakika za nyongeza. Siku ya mwisho ya ligi waliifunga Yanga 1-0 nyingine, japo ubingwa ulibaki Jangwani kwa tofauti ya magoli. Hiyo ndiyo timu iliyopita kwenye tundu la sindano. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na mwaka ule wenye pupa walikuwa wanne.

Miaka mitano kwenye foleni

Geita walianza kupanda ngazi upya. Mwaka 2019 wakafika mechi za mtoano, kikwazo kikawa Mwadui ya hapahapa jirani, ikawabakiza chini. Mwaka 2020 wakafika tena, Mbeya City ikawazuia. Cha kushangaza, dirisha hilohilo la mtoano la 2020 ndilo lililoishusha Mbao, iliyotolewa na Ihefu. Aliyepewa kiti cha Geita akakiacha, na Geita bado hawajakipata.

Mwaka 2021 wakapanda, safari hii bila mtoano na bila maneno. Msimu huohuo Mwadui ikashuka ikiwa mkiani. Almasi ikatoka, dhahabu ikaingia.

Ligi Kuu 2021/22 Geita walianza vibaya mpaka kocha Mrundi, Etienne Ndayiragije, akaondoka mapema. Akaja Felix Minziro, beki wa zamani wa Yanga. Timu ikabadilika. Wakamaliza nafasi ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam. George Mpole akafunga magoli 17 na kuwa mfungaji bora, akimpita Fiston Mayele wa Yanga aliyefunga 16. Yanga hiyo haikupoteza mechi hata moja ya ligi msimu ule, lakini kiatu cha dhahabu kilikwenda kwa mtu wa Geita. Magoli 17 ya msimu mzima, yaliyotafutwa moja moja.

Nafasi ya nne ikawapeleka Kombe la Shirikisho Afrika. Hilal Alsahil ya Sudan iliwafunga 1-0, wao wakashinda 2-1 Dar es Salaam, wakatoka kwa goli la ugenini. Goli moja tu. Ni timu ileile ambayo jina lake liliwahi kufungamanishwa na nane za siku moja, sasa inalilia moja la halali.

Msimu wa 2023/24 wakashuka tena, pamoja na Mtibwa Sugar. Inauma, ila ni kushuka kwa kawaida, unafungwa unashuka, unajipanga unarudi. Hakuna anayeinamisha kichwa kwa hilo. Polisi Tabora, Kanembwa na Oljoro tangu 2016 hazijaonekana Ligi Kuu.

Wachimbaji wadogo wa ukanda huu wanalijua hili kuliko mtu yeyote. Ukikuta jiwe linang'aa kupita kiasi, unaliuma kwanza. 8-0 ya Geita iling'aa hivyo. Mpole alikuwa dhahabu yenyewe, na ilichukua miaka sita kuifikia.