Kobalti ya Kolwezi: Bei Inapoanguka, Nani Anaanguka Nayo?

Mwezi Agosti 2019 kampuni ya Glencore ilitangaza kwamba ingeusimamisha mgodi wa Mutanda, katika jimbo la Lualaba, kabla ya mwaka kwisha. Mwaka 2018 mgodi huo ulikuwa umetoa tani zipatazo 27,000 za kobalti, kiasi ambacho hakuna mgodi mwingine duniani uliokifikia mwaka huo. Mama yangu, anayeuza unga na maharage sokoni Kolwezi, aliisikia habari hiyo redioni, akauliza: "Wanasema magari ya umeme ndiyo ya kesho. Kama kesho inakuja, mbona mgodi unafungwa leo?"

Nilikuwa bado shule ya sekondari na sikuwa na jibu. Jibu tunalolisikia mara nyingi ni kwamba soko ndilo lililoamua. Si uongo, lakini halitoshi. Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba Katanga imeyaona mambo haya zaidi ya mara moja, na kwamba tukiyaweka matukio hayo pamoja tunaona mambo mawili yanayojirudia. Kwanza, bei inaposhuka, mfanyakazi ndiye wa mwanzo kuibeba hasara. Pili, bei inapopanda sana, huanza yenyewe kuandaa anguko lake, kwa sababu mnunuzi hutafuta namna ya kuishi bila madini yetu.

Nianze na mdororo mkuu wa uchumi wa 1929. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikuwa imebadilisha siasa yake ya kazi mwishoni mwa miaka ya 1920. Badala ya kuleta wanaume kwa miezi michache na kuwarudisha kwao, ilianza kuwakalisha kambini pamoja na wake na watoto, ikiwapa nyumba, posho na matibabu. Bei ya shaba ilipoanguka, kampuni ilipunguza wafanyakazi wake Waafrika kwa zaidi ya nusu ndani ya miaka michache. Wengi walirudi vijijini, wengine hadi Kasai, Rwanda na Burundi. Kijiji ndicho kilichomlisha mtu aliyeachishwa kazi, na kampuni haikulipa chochote kwa huduma hiyo.

Baada ya hapo kambi zilijaa tena, na vizazi vilizaliwa humo bila kukijua kijiji. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza kwa kirefu jinsi kampuni ilivyochukua nafasi ya mzazi katika familia za wafanyakazi. Watu walisema kazi ndiyo baba, kazi ndiyo mama. Ukilikumbuka hilo, utaelewa kwa nini kuachishwa kazi huko Katanga hakukuwa kupoteza mshahara tu. Mtu alipoteza pia nyumba, shule ya watoto na hospitali kwa siku moja.

Tukio la pili ni la mwaka 1978, na nadhani ndilo linalotufundisha zaidi kuhusu kobalti. Wakati huo mali za Union Minière zilikuwa zimetaifishwa, na Gécamines ndiyo iliyokuwa ikichimba. Mwezi Mei wapiganaji wa Kikatanga waliotoka Angola waliingia Kolwezi, na mafundi wengi wa kigeni wakakimbia. Zaire ndiyo iliyokuwa ikiongoza duniani kwa kobalti, hivyo wanunuzi walishikwa na hofu. Bei rasmi, iliyokuwa chini ya dola 7 kwa ratili mwanzoni mwa 1978, ilifika dola 25 mwanzoni mwa 1979, na nje ya mikataba ilipita dola 40.

Kwa muda mfupi ilionekana kama baraka. Lakini viwanda vya Marekani, Ulaya na Japani havikukaa kusubiri. Watengenezaji wa vipaza sauti, kwa mfano, waliacha sumaku zenye kobalti wakatumia za feriti, ambazo hazina kobalti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ilikuwa imeshuka tena, na sehemu ya wanunuzi hao haikurudi.

Yaliyofuata yanajulikana. Sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka mwaka 1990, na uzalishaji wa shaba wa Gécamines, uliopita tani 400,000 katikati ya miaka ya 1980, ulishuka chini ya tani 50,000 katika miaka ya 1990. Mwaka 2003 na 2004, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Neno hilo "hiari" linahitaji kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu wengi wao walikuwa wamekaa miezi mingi bila kulipwa. Safari hii kijiji hakikuwepo tena. Baadhi yao na watoto wao walishika sururu na kuwa wachimbaji wadogo.

Sasa nirudi Mutanda. Magari ya umeme yalipoanza kuuzwa kwa wingi, betri zake nyingi zilitumia nikeli, manganizi na kobalti. Bei ya kobalti ilipanda hadi karibu dola 95,000 kwa tani mwezi Machi 2018. Madini mapya yakamiminika sokoni, na China ikapunguza ruzuku ya magari ya umeme katikati ya 2019. Bei ilikuwa imeshuka chini ya dola 30,000. Ni kweli kwamba Mutanda ilikuwa na matatizo mengine pia: asidi ya salfa ilikuwa imepanda bei, na mrabaha wa kobalti ulikuwa umetoka asilimia 3.5 hadi 10 baada ya sheria mpya ya madini ya 2018. Sidai kwamba bei peke yake iliufunga mgodi. Ninachosema ni kwamba ndiyo iliyofanya matatizo hayo mengine yasivumilike.

Na kama mwaka 1979, mnunuzi alikuwa ameshajifunza. Mwaka 2020 kampuni ya BYD ilitoa betri ya chuma na fosfati isiyo na kobalti, na Tesla ikaanza kutumia betri za aina hiyo katika magari yaliyotengenezwa Shanghai. Kufikia 2023 betri hizo zilichukua zaidi ya asilimia 40 ya soko la betri za magari ya umeme.

Wengine watasema mambo yamebadilika. Mutanda ilifunguliwa tena, na shaba, ambayo magari ya umeme yanaihitaji sana, inaendelea kuajiri watu. Zaidi ya hayo, tarehe 22 Februari 2025 serikali yetu ilisimamisha usafirishaji wa kobalti, kisha kuanzia Oktoba ikaweka mgao kwa kila kampuni, na bei ikapanda. Naikubali hoja hii kwa sehemu: ni mara chache nchi yetu imeshika usukani yenyewe. Lakini mwaka 1978 unatuonya kwamba bei ya juu bila mpango ni mwaliko kwa mnunuzi kutafuta njia nyingine.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwezi Aprili 2024 Tesla ilitangaza kupunguza zaidi ya asilimia 10 ya wafanyakazi wake, na Machi 2025 kampuni ya betri ya Northvolt ilifilisika huko Sweden. Tofauti ni kwamba Sweden ina mifuko ya bima inayomlipa mfanyakazi aliyepoteza kazi. Kolwezi wengi ni wa kandarasi, na mkataba ukiisha, hakuna kambi, hakuna posho, hakuna kijiji.

Kwa hiyo leo ningemjibu mama hivi: mgodi ulifungwa kwa sababu kesho ya magari si lazima iwe kesho ya kobalti. Mrabaha wa miaka ya bei nzuri ungeweza kuwekewa mfuko wa wafanyakazi kwa miaka ya bei mbaya. Fursa hiyo ilipita mwaka 1979, ikapita tena mwaka 2018. Sasa bei imepanda mara ya tatu.