Nchi ya Mbali Iliyogeuka Kwetu: Yoga, Walimu na Majira Katika Bukoba

Katika chapisho la maadhimisho kama hili ni desturi kuwakumbuka waliojenga, waliochanga na waliotumikia. Makala haya yanakusudia kuukumbuka urithi mwingine usioonekana katika kuta za hekalu, nao ni yoga: namna ilivyofika katika ukingo huu wa magharibi wa Ziwa Viktoria, nani aliyeitunza, na ni mambo gani yanayoipa kina. Historia hiyo inatuhusu leo kuliko wakati wowote, kwa kuwa jumuiya yetu ni ndogo, na watoto wetu wanaweza kujifunza mikao kumi kutoka katika simu bila kujua hata mmoja umetoka wapi.

Miongoni mwa vitabu vya kale vya hatha yoga kimo kiitwacho Gheranda Samhita, ambacho kwa kawaida huwekwa katika karne ya 17. Katika sura ya tano, kabla ya kufundisha pranayama, kitabu kinamtaka mwanafunzi atengeneze kwanza mahali, wakati na chakula. Kati ya mahali pasipofaa kuanzia yoga kinataja nchi ya mbali, na sababu yake ni kwamba ugenini imani hukosekana. Kuhusu wakati, kinaelekeza yoga ianzwe katika majira mawili tu kati ya sita ya mwaka wa Kihindi: vasanta, msimu wa machipuko, na sharad, msimu unaofuata mvua kuu. Kwa kipimo hicho, Mhindu aliyeshuka melini Bukoba mwanzoni mwa karne ya 20 alikuwa amepungukiwa pande zote mbili. Nchi ilikuwa ya mbali, na majira aliyoyazoea hayakuwapo. Historia ya yoga katika sehemu zetu ni historia ya jinsi mapungufu hayo mawili yalivyojazwa polepole, na ya lile ambalo bado halijajazwa.

Mji wa Bukoba ulianza kama kituo cha Wajerumani kilichowekwa na Emin Pasha mwaka 1890. Katika miaka ya mwanzo, robota la nguo kutoka pwani lilifika huku kichwani mwa mpagazi. Reli ya Uganda ilipofika Kisumu mwaka 1901, na meli za mvuke zilipoanza kulizunguka ziwa, Bukoba ikawa bandari. Ngozi na kahawa zilitoka. Nguo, chumvi na mafuta ya taa viliingia. Kwa njia hiyo walikuja wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kutch, Waislamu kwa Wahindu, wakafungua maduka karibu na gati na kisha wakaelekea vijijini, hadi pande za Muleba.

Je, wazee hao walileta yoga gani? Swali hili linahitaji uangalifu. Ufundishaji wa mikao ya mwili kwa watu wengi pamoja, kama tunavyoujua sasa, ni jambo la karibuni hata huko India. Swami Kuvalayananda alianzisha kituo chake cha Lonavla mwaka 1924. Mtawala wa Aundh aliieneza surya namaskara, yaani salamu kwa jua, katika miaka hiyohiyo ya 1920, na Krishnamacharya alifundisha katika kasri la Mysore katika miaka ya 1930. Mwenye duka aliyefika Bukoba kabla ya wakati huo aghalabu hakuwahi kuhudhuria darasa la mikao. Alicholeta ni yoga ya nyumbani: sandhya ya alfajiri na jioni, ambayo ndani yake mna pranayama, saumu ya Ekadashi, nadhiri za misimu, kiasi katika chakula, na bhajan za pamoja. Yoga hiyo haikuwa na mkeka wala picha ukutani, lakini ilikuwa na nidhamu ya kila siku, na kwa mujibu wa mapokeo yote ya yoga, mazoezi huota mizizi kwa kudumishwa muda mrefu bila kukatizwa.

Hata sandhya ilibidi ijifunze mahali papya. Bukoba iko nyuzi moja na kidogo kusini mwa ikweta, hivyo urefu wa mchana hubadilika kwa chini ya robo saa mwaka mzima. Hata hivyo, kwa kuwa tunafuata saa moja na Dar es Salaam iliyo mbali mashariki, saa kumi na mbili asubuhi kwetu bado ni giza, na jua huchomoza karibu na saa moja. Anayetaka kuupata wakati wa sandhya hana budi kuliangalia ziwa badala ya saa ya ukutani. Na ziwa limewekwa upande unaofaa. Mtu aliyesimama ufukweni, au juu ya vilima vya Kibeta akielekea mashariki kama desturi inavyotaka, hulipokea jua likitoka majini. Neema hiyo hawakuwa nayo jamaa zao wa Porbandar, ambao bahari yao iko magharibi na hulimeza jua jioni.

Jambo lililokuwa gumu zaidi ni Chaturmasa, ile miezi minne inayoanza Juni au Julai na kwisha Oktoba au Novemba. Kule India huo ni wakati wa mvua kuu. Njia hujaa matope na viumbe wadogo, na watawa ambao mwaka mzima hutembea kutoka mji hadi mji hulazimika kutua mahali pamoja. Kwa hiyo mvua ilimpa mwenye nyumba zawadi tatu kwa mpigo: mwalimu aliyekaa karibu naye kwa miezi minne, jumuiya iliyokusanyika kila jioni kumsikiliza, na majira yaliyopunguza safari za biashara. Watu walijiwekea nadhiri za kula mlo mmoja au kuacha mboga za majani, wakaziweza kwa sababu mwalimu alikuwapo, jirani alikuwa akifanya vilevile, na mbingu zenyewe ziliwataka wapunguze mwendo. Mwalimu, satsanga na majira vilikuwa kitu kimoja.

Huku kwetu kamba hiyo ya nyuzi tatu ilifumuka. Julai ni kilele cha kiangazi chetu. Barabara ni kavu, kahawa inavunwa, na duka halina nafasi ya kupumua. Watawa nao hawakuwapo, kwa kuwa mapokeo ya wengi wao yaliwakataza kuvuka bahari. Nadhiri zilibaki, lakini sababu zake mbili, mvua na mwalimu, zilibaki ng'ambo.

Walimu walikuja baadaye, tena kwa vipindi. Arya Samaj ilianzishwa Nairobi mwaka 1903, na wahubiri wake wakaanza kuzunguka miji ya Afrika Mashariki wakihimiza sandhya na usomaji wa Veda. Mwaka 1955 Yogiji Maharaj wa mapokeo ya Swaminarayan alifika Mombasa na kulifungua hekalu huko. Mwaka 1960 alirudi na kuyafungua yale ya Kampala, Jinja na Tororo. Kwa Mhindu wa Bukoba, Kampala ilikuwa karibu kuliko Dar es Salaam kwa mbali sana. Katika miaka kumi na zaidi iliyofuata, mwenye kiu ya mafundisho katika Kagera aliweza kulitazamia hekalu la kaskazini mwa mpaka wa Mutukula kama kisima cha jirani.

Hata hivyo, kati ya mgeni mmoja na mwingine ilipita miaka, na katika miaka hiyo walimu wa kweli walikuwa mama na bibi. Wao ndio waliohesabu siku za mwezi na kujua Ekadashi inaangukia lini. Ndio waliomfundisha mtoto kukaa kimya mbele ya taa, kutuliza pumzi kabla ya sala, na kutoinuka chakulani akiwa ameshiba kupita kiasi. Majina yao hayamo katika mbao za ukumbusho za mahekalu yetu. Ikiwa tunatafuta ukoo wa waalimu wa yoga katika Bukoba, hatuna budi kuanza na jikoni zao.

Kisha mambo yakabadilika kwa haraka. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ilipitishwa Tanzania, na familia nyingi zilizokuwa na nyumba za kupangisha ziliondoka. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka, na mahekalu ya Kampala na Jinja yakabaki bila watu wake. Mwezi uliofuata ndege za Uganda ziliudondoshea mji wa Bukoba mabomu, na mwishoni mwa 1978 majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Kisima cha jirani kilikauka, na njia ya kukiendea ikageuka uwanja wa vita. Walioondoka Bukoba waliipeleka satsanga yao Leicester, London na Toronto, ambako leo ina kumbi kubwa. Waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba kukosekana kwa familia mbili tu kulionekana katika bhajan za jioni.

Funzo la kipindi hicho ni zito. Mtu aliyekuwa amejifunza mkao peke yake angeweza kuuacha na asiulizwe na yeyote. Aliyekuwa na zamu ya kuwasha taa ya hekalu hakuweza kuacha, kwa sababu wenzake wangelikuta giza. Wingi wa watu ulipopungua, wajibu wa kila mmoja uliongezeka, na wajibu huo ndio uliobeba mazoezi. Yoga ikadumu kwa sababu mtu alitarajiwa mahali fulani, jioni fulani.

Katika nusu karne hiyohiyo yoga ya mikao imeuzunguka ulimwengu. Kitabu cha B.K.S. Iyengar, Light on Yoga, kilitoka mwaka 1966 na kuwa mwalimu wa watu wasiowahi kufika India. Tangu 2007, taasisi ya Africa Yoga Project ya Nairobi imewafunza vijana wa Kiafrika kuwa walimu, nao hufundisha katika mitaa yao wenyewe. Desemba 2014 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 21 Juni kuwa Siku ya Kimataifa ya Yoga, nayo ikaanza kuadhimishwa mwaka 2015. Tarehe hiyo ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo siku yenye mchana mrefu kuliko zote katika nusu ya kaskazini ya dunia. Kwetu ni siku yenye urefu kama nyingine. Tuiadhimishe kwa furaha, ila tukijua kuwa ni majira ya wenzetu.

Basi majira yetu ni yapi? Hapa inafaa kuirudia sheria ya Gheranda na kuitafuta sababu yake. Vasanta na sharad vilichaguliwa kwa kuwa havina joto kali wala baridi kali. Bukoba ina wastani wa joto wa nyuzi 20 hivi miezi yote. Kwa hoja ya joto, mwaka wetu mzima ni vasanta. Kinachoyagawa majira yetu ni maji. Zaidi ya milimita 2,000 za mvua huanguka kwa mwaka, nyingi kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba, na mara nyingi ngurumo hutoka ziwani alfajiri, saa ileile ya sandhya. Navaratri mbili za mwaka, ya Machi au Aprili na ya Septemba au Oktoba, kwetu huangukia karibu na malango ya misimu yote miwili ya mvua. Hazikukusudiwa hivyo, lakini kalenda ya kale imetupatia milango miwili ya kuanzia upya. Masika, shamba likiwa limelowa na njia hazipitiki, ndiyo Chaturmasa yetu ya asili. Huo ndio wakati wa kumwalika mwalimu akae wiki kadhaa, wa kusoma pamoja na kupunguza chakula. Kiangazi, watu wakiwa katika mavuno, yatosha kuilinda sandhya isikatike.

Chakula nacho kinatoka hapahapa. Kiasi kinachofundishwa na yoga hakihitaji viungo vya kuagizwa. Ndizi na maharage ya kibanja cha Kibeta, pamoja na njugu mawe zinazolimwa katika rweya, vinatosha kabisa. Mwezi wa Novemba, ambao miaka mingine taa za Divali huwashwa, ndio pia msimu ambao majirani zetu Wahaya huwasha taa kali usiku kuvutia senene. Sisi tusiokula senene tunajua kwa mwanga huo kwamba vuli imefika. Kuishi kwa majira ni kujua jirani yako anafanya nini mwezi huu na kwa nini.

Hilo linatufikisha kwenye sharti la kwanza la Gheranda, lile la imani. Wahaya humkaribisha mgeni kwa kahawa ya kutafuna, na zamani mbegu mbili za tunda moja la kahawa zilitumika watu wawili walipochanjiana undugu. Nchi yenye desturi kama hiyo haipaswi kuitwa nchi ya mbali. Lakini tuseme ukweli: kwa miongo mingi mazoezi yetu yalibaki nyuma ya mlango, katika lugha ambayo jirani haijui. Mwalimu wa yoga anayefundisha kwa Kiswahili, na kwa Kihaya akiweza, akiwa amezaliwa hapa na kulelewa na masika haya, bado ni hitaji letu kubwa. Si lazima awe Mhindu. Inatosha awe amekaa miguuni pa mwalimu, awe na watu wanaomtarajia jioni, na ajue ngurumo za ziwa huanza mwezi gani.

Wazee wetu walivikuta vitu vitatu vimetengana, wakaviunganisha kadiri ya uwezo wao. Walimu wao walikuwa wageni wa siku chache, satsanga yao ilikuwa watu wachache, na majira yao yalihesabiwa kwa kalenda ya ng'ambo. Kazi iliyobaki ni yetu: kumlea mwalimu wa hapa, kuufungua mlango wa satsanga, na kuisoma mbingu ya Bukoba jinsi ilivyo. Hekalu litakapofikisha maadhimisho mengine kama haya, wajukuu wetu watupime kwa hayo.

Om Shanti.